Kona Bila Honi

Wiki iliyopita niliwaacha na roho mkononi, na najua wapo walionitukana. Haya, tuendelee.

Tulikuwa ndani ya tribunali ya polisi, Masisi, asubuhi ya siku ya soko, mwaka wa hamsini na tatu. Dereva Hakorimana alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma. Bwana Hakimu, Mbelgiji aliyekuwa pia mtawala wa Masisi nzima, alimwuliza kwa mara ya mwisho: mwanamke uliyembeba ndani ya lori ni nani? Akisema, huenda akarudishiwa permi yake ya kuendesha. Akinyamaza, permi imekwenda moja kwa moja, na yeye anaingia gerezani miezi miwili. Hakorimana akafungua mdomo. Na huko nyuma, kwenye benchi la mwisho, mwanamke akasimama.

Wengi mlikisia kwamba ni Céline, mke wake. Poleni.

Alikuwa Nyiransabimana mwenyewe, yule ambaye Hakorimana alikuwa radhi kufungwa kuliko kumtaja.

"Mwenye alikuwa mu kamiyo, njo mimi," alisema, yaani yeye ndiye aliyekuwa ndani ya lori.

Hakorimana hakugeuka, akamwambia hakimu: "Bwana Zuzi, huyu mama simujui."

Watu wakaguna. Nje ya dirisha, miongoni mwa wanawake waliokatazwa kuingia na watoto wachanga, alisimama Céline mwenyewe, binti yao Emérita akiwa mgongoni. Alikuwa amekuja kusikia jina la mwanamke huyo, basi. Sasa alimwona na uso. Aliuma mdomo na kuendelea kutazama.

Waliokosa magazeti ya nyuma, mambo ni haya. Barabara ya kutoka Walikale kupanda Masisi imechongwa ubavuni mwa mlima, na magari mawili hayapishani. Kwa hiyo serikali iliweka barieri, mti mrefu uliolazwa katikati ya njia, pamoja na zamu: asubuhi magari yanateremka, alasiri yanapanda. Tena kila kona lazima honi ilie. Siku ile Hakorimana alipanda asubuhi, kinyume cha zamu, na honi yake haikulia kona hata moja. Akakutana uso kwa uso na gari la mzungu wa shamba la kwinini. Mzungu akalitumbukiza gari lake mtaroni na kutoka mzima, ila amejaa hasira. Prosevebali ikaandikwa, karatasi ya mashtaka yenye makosa yote mawili, na chini yake mzungu akaongeza kwamba ameona mwanamke ubavuni mwa dereva, mwenye mtoto mgongoni.

Mwanamke na mtoto! Maneno hayo yalifika Masisi kabla ya lori lenyewe. Tajiri mwenye lori alimnyang'anya Hakorimana funguo. Polisi walichukua permi. Céline alimwuliza swali moja tu, mwanamke huyo ni nani, na alipokosa jibu akamfunga Emérita mgongoni akaenda kwa baba yake, ng'ambo ya kilima.

Sisi tunaosoma tunajua alichokuwa akificha. Mtoto yule mgongoni alikuwa maiti.

Jina lake Verdiane. Alifia katika lazareti ya upande wa Walikale, walikofungiwa wagonjwa wa kuhara damu. Anayefia lazareti huzikwa na wahudumu papo hapo, juu yake chokaa, na mama haruhusiwi hata kushika udongo. Nyiransabimana ni mjane. Hakuwa na mtoto mwingine isipokuwa binti huyo, na alitaka kumzika nyumbani, kwenye migomba yake karibu na Muheto. Basi alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto aliyelala, akatoka bila kuaga, akasimama njiani na kulipungia lori mkono.

Hakorimana alitambua alipoona mkono wa mtoto unavyoning'inia. Hakuuliza kitu, alifungua mlango tu. Pale chini ya mlima, mlinzi wa barieri, Polycarpe, aliutazama mkono huo huo, akavua kofia, akainua mti. Watu wa vilima vile wana neno lao: maiti aliyeanza safari ya kwao hangojeshwi njiani, wala harudishwi alikotoka, na anayembeba hapigi kelele. Ndiyo maana honi haikulia. Dereva yeyote wa huko angefanya vile vile, na mwendawazimu tu ndiye angejaribu kumweleza Mbelgiji.

Walimzika wawili tu, mama na dereva. Nyiransabimana akamwapisha: asimwambie mtu, hata mkewe, maana kutoroka lazareti ni gereza na kaburi lingefukuliwa. Hakorimana akaapa, na tangu hapo akawa mtu wa peke yake.

Niwaambie kidogo upweke wa dereva aliyenyang'anywa permi, maana hamjauonja. Nyumba yake iko kando ya barabara. Zamani kila lori lililopita lilimsalimu kwa honi, na wenzake waliteremka kunywa maji na kuulizia habari za njia. Baada ya prosevebali walipita kimya. Hawakumchukia. Waliogopa tu kwamba kosa linaambukiza. Jioni alikuwa akipika maharage mengi mno kwa mtu mmoja, kwa mazoea, kisha anayatazama yakipoa. Alikuwa akisikia injini inapanda na kujua ni ya nani na gia gani, na kulikuwa hakuna wa kumwambia. Alilia mara kadhaa, na sioni aibu kuandika hivyo.

Haya, tumerudi tribunalini.

Mtu mmoja alikuwa akitabasamu humo ndani, naye ni Michel, mtetezi wa Hakorimana. Mawakili wa kweli walikaa Bukavu, na bei yao ilikaa mbinguni. Michel alikuwa karani wa zamani wa tribunali hiyo hiyo, akajifunza sheria kwa kuisikiliza, na Bwana Hakimu humruhusu kusimama na washitakiwa kwa sababu Kifaransa chake humchekesha. Tai anayo, moja. Yeye ndiye aliyezunguka vilima kwa baiskeli akiuliza, akampata Nyiransabimana, akaambiwa yote na kumleta, bila kumwuliza mteja wake, kwa kuwa alitaka kushinda kesi walau moja kabla nywele hazijaota mvi.

"Bwana Zuzi," alisema Michel, "huyu njo témoin wetu, shahidi. Alikuwa mugonjwa, dereva alimuhurumia, basi. Mwanamuke mugonjwa tu, hapana jambo ingine."

"Nyamaza, Michel," alisema Bwana Hakimu. Alikuwa anamtazama mwanamke. "Jina?"

"Nyiransabimana."

Hakimu akarudia jina hilo polepole. Kisha akavuta barua ya daktari wa lazareti kutoka chini ya makaratasi yake, na tabasamu la Michel likaanza kuanguka.

"Wewe njo mwenye ulikimbia lazareti na mutoto?"

Michel aliruka. "Bwana Zuzi, ile haiko mu dosye ya leo, leo tuko na maneno ya barieri na klaksoni..."

"Munganga ananiandikia kila wiki juu ya mutoto ule. Kila wiki, Michel! Mama, mutoto iko wapi?"

Mtoto yuko wapi. Nyiransabimana alikuwa ameulizwa hivyo na majirani kisimani, shambani, mlangoni mwa kanisa. Kila mara alijibu kwamba yuko kwa bibi yake, halafu akaingia ndani akajifungia. Hakuna aliyemletea pole, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuipeleka. Hakukaa matanga. Hakuimbiwa wimbo. Alikuwa amefiwa peke yake, na mdomo wake ulikuwa umezoea kudanganya kuliko alivyojua.

"Iko inje," alisema. "Na dada yangu."

Hakorimana akageuka kumtazama, kwa mara ya kwanza.

"Muzima?"

"Muzima, Bwana."

"Amepona kabisa?"

"Amepona."

Bwana Hakimu akaweka kalamu chini. Hakuna hakimu asiyependa kufunga mafaili mawili kwa asubuhi moja, na huyu aliyapenda kuliko chakula. "Kama mutoto iko muzima, maneno inabadilika," alisema. "Dereva alibeba mama na mutoto mugonjwa, iko sababu. Mulete nimuone. Kama ni uongo, mama, utaingia gereza leo, na dereva mbele yako."

Michel alimshika Nyiransabimana mkono na kumtoa nje mbiombio, mpaka chini ya dirisha, mahali ambapo wanawake walikuwa wametawanyika kwenda kuuza mboga zao. Alikuwa amebaki mmoja tu.

"Mama, umetuua," alinong'ona Michel. "Utamuleta nani sasa? Utafufua muntu?"

Aliyejibu ni yule mwanamke aliyebaki.

"Njo wewe?" alisema Céline.

"Njo mimi, dada."

"Wewe na bwana yangu."

"Bwana yako alinibeba tu."

"Alikubeba na mutoto. Mutoto yenu iko wapi?"

"Mutoto iko mu migomba," alisema Nyiransabimana. "Bwana yako njo alichimba."

Céline hakuelewa. Alimtazama Michel, na Michel akatazama viatu vyake. Nyiransabimana akasema tena, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

"Alikuwa amekufa, dada. Ile siku mu kamiyo alikuwa amekufa mu mugongo yangu. Mulikuwa nafikiri nini, kwamba dereva mukubwa vile anasahau klaksoni? Alimuheshimu mutoto yangu. Hata kukohoa hakukohoa."

Céline alishika ukuta. Siku zote hizo kwa baba yake alikuwa amemwita mumewe majina ambayo siwezi kuyachapa humu. Nguo za mumewe alikuwa amezimwaga nje mbele ya watu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka machoni, na pamoja na aibu, uchungu.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuapisha. Angesema, ningefungwa, na bangemutoa mule mu udongo."

Mlangoni polisi aliita. Bwana Hakimu anangoja, na jua linakwenda.

"Wako alikuwa na miezi ngapi?" aliuliza Céline.

"Kumi."

"Huyu iko na tisa."

Na huku anasema, alikuwa tayari anafungua fundo la kitenge. Emérita alikuwa amelala, shavu lina alama ya mshono wa blauzi. Céline alimwinua, akamweka mgongoni mwa mwanamke ambaye asubuhi ile alikuwa amekuja kumchukia, akamfunga mwenyewe kwa kitenge cha bluu cha Nyiransabimana, akavuta fundo mara mbili.

"Mimi sijaona kitu," alisema Michel na kugeukia ukuta. "Mutetezi hapaswi kuona."

"Ukimaliza, umurudishe hapa, chini ya dirisha," alisema Céline. "Usimuzungushe. Akiamuka mu watu bengi anaogopa."

Nyiransabimana hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa amesimama wima kabisa, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Mgongoni mwake kulikuwa na mtu anayepumua.

Wakaingia.

Hakorimana alipomwona mwanawe mgongoni mwa mwanamke mwingine, alipiga hatua moja mbele akajizuia. Alifikiri kwanza ni macho yake. Halafu akaona kule dirishani uso wa Céline, na Céline akatikisa kichwa kidogo sana, kumwambia anyamaze. Ilikuwa mara ya kwanza mke wake kumtazama tangu aondoke.

"Mufungue, nimuone," alisema Bwana Hakimu.

Nyiransabimana alimleta mtoto mbele. Emérita akaamka. Akaona kofia ya polisi, akaona ndevu za mzungu, akaangua kilio. Akazungusha shingo kutafuta uso anaoujua, na akaupata. Akanyoosha mikono yote miwili kwa Hakorimana.

"Ta-ta," alisema. "Ta-ta-ta."

Wasomaji wangu, mtoto wako wa pekee hujamwona siku nyingi, ananyoosha mikono, na wewe huwezi kusogea. Hakorimana alitazama sakafu. Alihesabu misumari ya mbao, akapotea, akaanza upya. Kilio kilizidi. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa peke yake zaidi ya yeye katika Masisi nzima, na mwanawe alikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Bwana Hakimu akakunja uso. "Mutoto huyu anajua dereva."

"Alimubeba mu kamiyo, Bwana Zuzi," alisema Michel haraka. "Mutoto hasahau kamiyo. Hata mimi sisahau."

Watu walicheka, lakini hakimu hakucheka. Alimtazama mama, akamtazama mtoto anayemkimbia mama. "Na wewe, kwa nini anakukataa?"

Nyiransabimana akaketi. Pale pale kwenye sakafu ya tribunali, bila kuomba ruhusa, akafungua blauzi na kumweka mtoto kwenye ziwa. Tangu siku ya lazareti alikuwa amelikamua kila asubuhi kwenye majani, kwa kuwa lilimuuma, na maziwa yalikataa kukauka. Emérita alipiga mateke. Kisha akaonja. Kisha akatulia, na chumba chote kikasikia anavyomeza.

Hakimu aligeuza uso upande mwingine kwa adabu. Michel alijipangusa jasho kwa ile tai. Kule dirishani Céline alikuwa ameshika vyuma kwa mikono miwili, na alikuwa anajilazimisha kushukuru.

"Ita mulinzi wa barieri," alisema Bwana Hakimu.

Polycarpe aliingia. Siku ya kwanza ya kesi huyu alikuwa amekula kiapo kwamba dereva aliinua mti mwenyewe, kwa nguvu, na ndipo Hakorimana alipopoteza tumaini. Sasa alimwona mwanamke yule yule, na kitenge kile kile, na ndani yake mtoto ananyonya. Alifanya alama ya msalaba na kushika meza.

"Nani alifungua barieri?" aliuliza hakimu.

"Mimi, Bwana."

"Mbele, siku ya kwanza, ulisema ni yeye."

"Nilidanganya. Niliogopa kufukuzwa."

"Na ulifungua sababu gani?"

Polycarpe hakuondoa macho kwa mtoto. "Sababu ya mutoto," alisema, na hapo hakusema uongo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda upesi. Michel alisimama kutetea kwa Kifaransa, akakatizwa. Bwana Hakimu alimkaripia Polycarpe, akamwonya dereva, akasema huruma si leseni ya kuvunja zamu, ila kwa kuwa mtoto amepona na mzungu wa kwinini hakuumia, basi, permi irudishwe na gereza life. Kisha akamwambia karani aandike jambo la pili, la munganga: mtoto Verdiane, binti wa Nyiransabimana, ameonekana leo tribunalini, mzima, mbele ya hakimu. Akapiga muhuri. Akaomba kahawa.

Polisi alimpa Hakorimana permi yake. Ilikuwa imekunjika pembe moja, na hiyo ndiyo hasara yote iliyoonekana. Madereva waliokuwa nje walimzunguka na kumpiga mabega, kila mmoja akiapa kwamba siku zote alijua. Walitaka wamnyweshe. Michel alipeana mikono hata na watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni. Hakorimana aliwaitikia huku anajipenyeza, mpaka akafika chini ya dirisha.

Céline alikuwa pale, peke yake, kitenge chake kitupu mkononi.

Walitazamana. Kulikuwa na mengi ya kusema, na kila mmoja aliyaona kwa mwenzake.

"Nisamehe," alisema Céline.

"Yameisha. Mutoto iko wapi?"

"Nilifikiri iko na weye."

Hapo wakakimbia.

Nimekwisha kuwaambia kwamba ilikuwa siku ya soko. Masisi siku ya soko hujaa wanawake kutoka kila kilima, na kila mwanamke ana mtoto mgongoni. Céline alimgeuza wa kwanza kwa bega, akamwomba radhi, akamgeuza wa pili. Vitenge vya bluu vilikuwa vingi, na vichwa vidogo vilivyolala vilikuwa vingi zaidi. Alikwenda akiita "Emérita, Emérita," na watoto wa watu wakamtazama. Baadaye hakuomba radhi tena. Wanawake walianza kumpisha, kila mmoja akivuta mtoto wake mbele.

Mama mmoja muuza viazi aliwaambia amemwona. "Mwenye kitenge ya bluu, mwembamba? Amepita hapa. Alikuwa anamuimbia mutoto."

"Upande gani?"

Mama wa viazi akaonyesha kule malori yanakopakia. Walipofika, malori mawili yalikuwa yamekwisha kuondoka, moja la Sake, moja la Walikale, na hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba mwanamke alipanda. Wengine walisema alifuata njia ya miguu. Njia za miguu za Masisi hazina idadi.

Céline alirudi mbio kwa polisi wa mlangoni. "Mutoto yangu ameibiwa."

"Mutoto gani, mama?"

"Ule mwenye alikuwa mu tribunali sasa hivi."

Polisi alicheka kwa upole, jinsi watu wanavyocheka na mtu mwenye homa. "Ule njo wa Nyiransabimana, mama. Sisi bote tumeona ananyonya. Bwana Zuzi amepiga muhuri."

Hapo Hakorimana akaelewa walichofanya. Tribunali ya serikali ilikuwa imewasikiliza, imewaamini, na imempa mwanamke yule mtoto wao.

Michel aliwavuta kando. Hakuwa akitabasamu tena, na nilimpenda kidogo kwa mara ya kwanza. "Musikie," alisema. "Ukiingia mule na kusema ukweli, permi inarudi pale ilitoka, na wewe gereza. Polycarpe gereza, sababu kiapo. Céline pia, amedanganya tribunali. Mimi, sijue. Na ule mama, ndiye wa kwanza, na bataenda kufukua kule mu migomba. Tungoje. Ni uchungu tu unamusukuma. Atanyonyesha, atachoka, jioni atarudi."

"Hatarudi," alisema Céline.

"Unajua aje?"

"Mimi nisingerudi."

Hakorimana alitazama barabara. Alifikiria zile jioni za maharage yanayopoa. Alifikiria mwanamke akijifungia ndani ili asiulizwe habari za mtoto, na hakuweza kumchukia, ingawa alijaribu. Kisha akamtazama mkewe na akaacha kufikiri.

Alipanda ngazi za tribunali peke yake. Polisi alimwambia kesi imekwisha, nenda nyumbani, kijana, kabla Bwana hajabadili moyo. Hakorimana akampita.

Bwana Hakimu alikuwa anakunywa kahawa yake, miguu juu ya kiti, barua ya munganga ikiwa imekunjwa tayari kwa kurudishwa. Aliinua macho.

"Nini tena, Hakorimana? Permi unayo."

Hakorimana akaitoa permi mfukoni. Akaiweka juu ya meza, karibu na kikombe, akaisukuma mpaka upande wa hakimu. Alitafuta neno la kuanzia, na kila neno lilikuwa na mtu wa kufungwa ndani yake.

Hakimu aliitazama permi, na hakuigusa. Halafu akatazama nyuma ya dereva, mlangoni. Céline alikuwa amemfuata, amesimama kizingitini, mikono imelegea. Saa ya Emérita kunyonya ilikuwa imefika, na mwili wa mama hausubiri hukumu. Maziwa yalikuwa yamepenya blauzi pande zote mbili, na yalikuwa yanateremka.

Bwana Hakimu akashusha miguu kutoka kwenye kiti.

"Mama huyu ni nani?" aliuliza. "Na mutoto yake iko wapi?"